Usitie Saini, Lorcan

Mvua ya Aprili ilikuwa ikipiga turubai la soko la Jumamosi la mji wa Limerick, Ireland, na chini yake watu walibanana, wenye vikapu, wenye mbwa, wenye watoto mabegani. Katikati ya msongamano huo, mbele ya meza ya asali, alisimama mwanamume mwenye mabega mapana na shingo iliyoungua kwa jua la mbali, akishindwa kusema neno moja tu: hapana.

"Na hii ya mwisho ni dawa ya kifua," bibi muuzaji alimwambia, akimtia chupa ya nne mikononi.

"Haya, mama. Nipe na hiyo."

"Hukuuliza bei," sauti ya kike ikasema nyuma yake.

Akageuka. Alikuwa dada mmoja wa miaka thelathini na kitu, koti la mvua la manjano, buti zenye tope, nywele nyeusi zimemganda kwenye paji la uso kwa maji. Pua yake ilikuwa na madoadoa madogo, na macho yake yalikuwa yakimcheka waziwazi.

"Kuuliza bei ni aibu," mwanamume akasema.

"Aibu ni kula asali asubuhi, mchana na jioni mpaka Krismasi."

"Naipenda asali."

"Kweli unaipenda?"

Akaziangalia zile chupa nne. "Hata kidogo."

Dada yule alicheka mpaka muuza jibini wa meza ya pili akageuka kutazama. Jamaa naye akapata ujasiri wa ghafla. "Chukua mbili uniokoe. Nami utaninunulia kahawa."

"Yaani wewe unalipia asali usiyoitaka, mimi nakulipia kahawa nisiyoiomba. Mahesabu yako mabovu, kaka."

"Ndiyo maana natafuta mtu wa kunisaidia."

Jamaa aliitwa Lorcan Clohessy, fundi wa plasta, mwenye wiki tatu tu tangu arudi kutoka Perth, Australia, alikokaa miaka saba. Yule dada alikuwa Dervla Tuohy. Kahawa ikawa mbili, ya pili ikafuatiwa na supu, na mvua ilipokatika hakuna aliyetambua.

Kazi ya Dervla ilikuwa hiyohiyo Lorcan aliyoitania: kuwasaidia watu mahesabu. Alikuwa mshauri katika ofisi ya umma ya ushauri wa fedha, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mapazia. Haitozi hata senti. Watu hufika pale na mifuko ya dukani iliyojaa bahasha za kahawia ambazo hazijafunguliwa tangu mwaka juzi, wamelemewa na malimbikizo ya mkopo wa nyumba, hawalali, hawali, na wakiulizwa hali watakwambia hawana neno. Mtu wa Limerick akivunjika mguu atakwambia hana neno. Dervla huwawekea chai, akaanza kufungua bahasha moja baada ya nyingine pamoja nao, bila kushangaa na bila kumlaumu mtu. Kisha huchukua karatasi na kuandika matumizi ya mwezi. "Kwanza chakula," huwaambia, "kisha moto wa kupasha nyumba, kisha taa. Benki itangoja zamu yake." Nimewaona watu wakipanda ngazi zile wameinamisha vichwa na kushuka wakiwa wima, nami husema bila kuficha kwamba serikali ikifanya jambo jema, hilo ni mojawapo.

Mapenzi yao yalikuwa ya simu kwanza, kwa sababu Lorcan alikuwa akipiga plasta hoteli moja mjini Ennis siku tano za wiki.

"Umekula?" Dervla aliuliza.

"Nimekula."

"Nini?"

"Mkate na asali."

"Mwongo wewe!"

"Nakula nikikuwaza, kipenzi. Ingekuwa ndizi ningeila na ganda lake."

"Hayo maneno umeyatoa Australia?"

"Australia hakuna maneno. Kuna nzi tu na mishahara."

Ijumaa alikuwa akishuka kwenye basi na vumbi jeupe kwenye kope, na Dervla alikuwa akimngoja na gauni lake la kijani lenye mifuko, kwani alikuwa haamini gauni lisilo na mifuko. Walitembea kando ya mto Shannon mkono kwa mkono. Walikwenda kwenye mechi ya hurling, ule mchezo wa magongo wa Ireland, Dervla akamtukana mwamuzi kwa maneno ambayo Lorcan hakujua kama wanawake wa ofisini wanayajua. Kufika Mei walikuwa wamezama. Dervla aliacha kijikaratasi mfukoni mwa koti la Lorcan kila Jumatatu, kwa mwandiko wake wa herufi zilizosimama wima: *Kula mboga. Nakupenda. D.*

Alikuwa akisema "mama" kila sentensi ya tatu, Lorcan yule. Mama hivi, mama vile. Dervla angepaswa kushtuka mapema. Lakini akina Clohessy wamejaa Limerick kama kokoto, na nusu ya vijana wa mji walikuwa Australia au wametoka huko juzi. Na mpenda, tunajua, chongo huita kengeza.

Jumapili ya kwanza ya Juni, Lorcan akampeleka nyumbani kula chakula cha mchana.

Walizunguka hadi mlango wa jikoni, kwa kuwa wa mbele hufunguliwa kwa padri na maiti tu. Mlango ukafunguliwa. Akatokea mwanamke wa miaka sitini na sita, mfupi, goti moja gumu, nywele zimetengenezwa jana yake kwa ajili ya siku hii, blauzi ya waridi imefungwa kifungo mpaka shingoni.

"Mama, huyu ndiye Dervla. Dervla, huyu ndiye Attracta Clohessy, malkia wa mtaa wa Corbally."

Uso wa Attracta ukapauka ghafla.

Washauri wa ofisi ile wana desturi yao. Wakikutana na mteja dukani, kanisani au njiani, hawamsalimii mpaka yeye aanze, maana salamu tu inaweza kuwafanya majirani waulize wamejuana wapi. Dervla akasimama kizingitini, ametulia, uso wake hausemi kitu. Akangoja.

"Karibu, binti," Attracta akasema hatimaye. "Nafurahi kukufahamu."

"Na mimi pia, Bi Attracta. Ahsante kwa kunikaribisha."

Walikuwa wamekutana mara sita tangu Februari. Dervla alikuwa amefungua bahasha thelathini na mbili za mwanamke huyu.

Chakula kilikuwa nyama ya kuoka, karoti, na viazi vya namna tatu: vya kuchemsha, vya kuponda na vya kuoka, kwa sababu mgeni akila namna mbili tu watu watasema nini. Lorcan peke yake ndiye aliyekuwa na raha. Alikuwa na habari.

"Nimeona fleti, mama. Mpya, upande wa Dooradoyle, vyumba viwili. Arubuni ni euro thelathini elfu, na mimi nina thelathini na moja benki. Ijumaa natia saini." Akamshika Dervla bega. "Nilitaka kukuambia mbele ya mama. Ni yetu, mpenzi. Ukitaka."

Dervla alikuwa na kiazi mdomoni. Akakitafuna muda mrefu.

"Na wewe, mama, huna wasiwasi," Lorcan akaendelea, "maana nyumba hii baba aliimaliza kuilipa mwaka 2005, Mungu amrehemu. Wewe uko salama."

"Niko salama kabisa, mwanangu," Attracta akasema. "Sina neno. Ongeza mchuzi."

Sasa wewe msomaji ujue walichokijua wanawake wawili mezani. Mwaka 2007 Lorcan alipotaka kuanzisha kampuni yake ya plasta, mama yake alimpa euro elfu sitini akisema ni akiba ya marehemu baba. Haikuwa akiba. Aliweka nyumba rehani. Mwaka 2010 ujenzi ukafa nchi nzima, kampuni ikafa nao, Lorcan akakimbilia Perth. Attracta akalipa deni kwa pensheni ya ujane na kazi ya kufagia shule, mpaka goti lilipomshinda na kazi ikaisha. Malimbikizo yakafika euro elfu kumi na nne na mia sita. Kesi ya benki kutaka nyumba ilikuwa imepangwa Jumatatu ya mwisho ya mwezi huohuo wa Juni. Na kijana hakujua hata herufi moja.

Sahani zilipopelekwa jikoni, Attracta alimvuta Dervla nyuma ya mlango wa stoo.

"Umemwambia?"

"Sijamwambia. Sikujua ni mwanao mpaka ulipofungua mlango."

"Ukimwambia nitakufa. Atajiona ndiye aliyeniponza. Nakuapia nitakufa papa hapa."

"Sitamwambia, Bi Attracta. Siri ni yako. Lakini mwambie wewe, tafadhali, kabla ya Ijumaa."

"Kamwe."

"Basi kesho nitamkabidhi Colm faili lako. Sheria hainiruhusu kulishika tena, kwa kuwa nampenda mwanao."

Attracta alisikia nusu ya kwanza tu. Alisikia kwamba anatupwa, mwezi wa kesi. Akajifuta mikono kwa taulo. "Ndivyo mlivyo," akasema, na akarudi mezani na keki.

Jioni hiyohiyo, Lorcan akikausha vyombo, mama yake alimwambia, "Ni msichana mzuri. Lakini si wako."

Asubuhi Dervla alimweleza Colm, mwenzake wa meza ya pili, mzee mwenye sweta la viwiko vilivyotoboka, mambo yalivyo. Colm alisoma faili lote.

"Umefanya sawasawa," akasema.

"Ana pesa, Colm. Yule kijana ana pesa inayoweza kuituliza benki, na Ijumaa anakwenda kuifunga kwenye fleti."

"Nimesikia."

"Na siwezi kufungua mdomo."

"Huwezi. Mtu alipanda ngazi zetu kwa sababu aliamini ngazi hazisemi." Akamsogezea kikombe cha chai. "Inauma, eh?"

"Inauma mpaka kwenye meno."

Jumatano Lorcan aliomba ruhusa kazini akaja mjini. Walikaa kwenye benchi kando ya mto, yeye na suruali yake ya plasta, Dervla na koti la manjano ingawa jua lilikuwa linawaka. Lorcan alikuwa na makaratasi ya fleti kwenye bahasha kubwa.

"Mbona umenyamaza tangu Jumapili? Simu unajibu ndiyo, hapana, ndiyo, hapana, kama unahojiwa na polisi."

"Lorcan, usitie saini."

"Nini?"

"Usitie saini sasa. Subiri mwezi mmoja."

"Mwezi mmoja fleti itachukuliwa. Kwa nini nisubiri?"

"Siwezi kukuambia."

"Huitaki fleti?"

"Fleti nzuri."

"Hunitaki mimi?"

"Nakutaka, bwana wee! Nakutaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nakuomba tu. Usitie saini."

Lorcan alimtazama. Ni mtu mpole, lakini hata mpole ana pembe. "Mama alisema wewe si wangu. Nikamtetea. Sasa naanza kuona. Umekuja kwetu umeona zulia la plastiki limechanika jikoni, ukapiga hesabu. Ndiyo kazi yako, si ndiyo? Unawapima watu kwa risiti zao."

Dervla akaweka mikono yote miwili ndani ya mifuko. Neno moja tu lingetosha. Angesema "mama yako", na yote yangekwisha: angepata mpenzi wake, nyumba ingepona, na Attracta angeweza kudanganywa kwamba mwanawe aliona barua ya benki. Nawajua watu wazuri, na wengi wao wangesema.

"Ukiniamini, niamini," akasema. "Usiponiamini, sina cha kuongeza."

"Basi tuishie hapa."

"Sawa."

Hilo "sawa" ndilo lililomwumiza Lorcan kuliko yote. Aliondoka na bahasha yake bila kugeuka. Dervla alibaki pale mpaka saa yake ya chakula ikaisha, kisha akapanda ngazi, akanawa uso, akamwita mteja wa saa nane.

Siku ya Alhamisi Lorcan alikuwa jikoni kwa mama yake, kalamu mezani, anajaza makaratasi ya kesho. Ndevu hazijanyolewa. Attracta alikuwa akipiga pasi.

"Hakuja jana, yule msichana wako?"

"Tumeachana. Furahi."

Pasi ikasimama. "Kwa nini?"

"Kwa sababu ya fleti. Ananiambia nisitie saini, nisubiri mwezi. Namuuliza kwa nini, anasema hawezi kusema. Nikamwambia maneno mabaya, mama. Nikamwambia anatudharau. Akanyamaza tu. Nikamwambia tuachane, akasema sawa. Hata kujitetea hakujitetea!"

"Hakukuambia chochote?"

"Chochote."

"Hata ulipomwacha?"

"Nakwambia alinyamaza kama ukuta."

Attracta akachomoa pasi kwenye umeme. Maisha yake yote alikuwa ameishi akiamini kwamba siri ya mtu ikijulikana na wawili, mtaa mzima umeijua. Ndiyo maana aliogopa ngazi zile miezi minane kabla ya kuzipanda. Na huyu binti, ambaye yeye mwenyewe alijifanya hamjui mlangoni, kisha akamwambia "ndivyo mlivyo", amekubali kuachwa kuliko kutoa siri yake. Alijisikia mdogo, mdogo kabisa, katika blauzi yake safi.

Akapiga magoti kwa shida mbele ya kabati la chini, akavuta sufuria kubwa ya bata mzinga inayotoka Krismasi tu. Ndani yake mlikuwa na faili la kijani. Akaliweka juu ya makaratasi ya fleti.

"Soma," akasema. "Usiniangalie wakati unasoma."

Lorcan alisoma. Kwanza barua za benki, zimepangwa kwa tarehe. Kisha karatasi ya matumizi ya mwezi: mkate, makaa, umeme, dawa ya goti, sadaka. Aliutambua mwandiko kabla hajaelewa maneno, zile herufi zilizosimama wima. Karibu na mwisho mstari mmoja ulisema: *Kifurushi cha mwanangu, Australia, chai na chokoleti: euro 22.* Mbele yake kulikuwa na alama ya penseli ambayo mtu wa benki aliiweka akitaka kiondolewe. Na juu ya alama hiyo, kwa wino: *Kibaki. D.T.*

Miaka saba alikuwa akifungua vifurushi hivyo katika joto la Perth na kulalamika kwamba chokoleti zimeyeyuka.

"Zile elfu sitini," akasema polepole. "Hazikuwa za baba."

"Nilikuambia usiniangalie."

"Mama. Ningekutumia pesa. Kila mwezi ningekutumia! Nilikuuliza kila Jumapili kwenye simu, ukaniambia huna neno."

"Na ungekaa huko miaka kumi mingine kulipa. Mimi nilitaka urudi, Lorcan. Nilitaka urudi tu."

Mtu na mama yake walilia pale jikoni, nami siongezi neno juu ya hilo.

Ijumaa hakutia saini. Alipanda ngazi za ofisi na mama yake, akakaa mbele ya Colm saa mbili nzima. Meza ya Dervla ilikuwa tupu. Aliposikia jina lao kwenye orodha ya siku alijihamishia chumba cha nyuma. Lorcan alimpigia Dervla simu mara kumi na moja mwisho wa wiki ile. Haikupokelewa. Wiki ya pili aliacha ujumbe: "Ni mimi. Mjinga. Nimesoma faili. Usipopokea naelewa, lakini najua sasa, na samahani haitoshi, lakini samahani." Dervla aliusikiliza mara nyingi kuliko atakavyokiri. Maneno ya benchi yalikuwa bado yanamchoma, na isitoshe kesi ilikuwa haijaisha. Akasema moyoni, ngoja iishe.

Jumatatu ya mwisho wa Juni akaomba likizo ya nusu siku. Ndani ya mahakama hakuruhusiwa kuhusika, basi alisimama ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha ukuta, na gauni la kijani lenye mifuko, tangu saa nne mpaka saa sita kasorobo. Watu walitoka mmoja mmoja. Mwanamume mmoja alitoka akavuta sigara mbili mfululizo. Kisha wakatoka wao: Colm na sweta lake, Lorcan amevaa suti ya mazishi ya baba yake, na Attracta katikati.

Attracta alimwona. Ngazini palikuwa pamejaa watu, wakiwemo wanawake wawili wa parokia yake waliokuja kwa mambo yao, na masikio yao yalikuwa wazi kama milango ya kanisa.

"Dervla!" mama yule akapaza sauti barabara nzima isikie. "Dervla Tuohy! Njoo hapa, binti yangu, nikushukuru! Msajili wa mahakama ametupa miezi sita! Benki imekubali kungoja!" Kisha akawageukia wale wawili wa parokia. "Nilikuwa nimeshindwa kulipa nyumba," akawaambia, kichwa juu. "Huyu alinisaidia. Na nyie mkishindwa mwendeeni, ni bure."

Mmoja wao akasema hana neno, ahsante. Lakini baadaye, nimesikia, aliuliza ngazi ziko wapi.

Dervla alivuka barabara. Attracta akamkumbatia kwa nguvu mpaka goti likalia. "Nisamehe lile la stoo," akamnong'oneza, kisha akamsukuma kwa mwanawe kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

Walisimama wakitazamana. Lorcan alikuwa amejikata shingoni kwa wembe.

"Hukupokea simu."

"Kulikuwa na kesi."

"Nilikuambia unawapima watu kwa risiti."

"Nakumbuka uliloniambia."

"Nilikosea. Nilikosea vibaya kuliko nilivyowahi kukosea maishani, na mimi ni mtu aliyefungua kampuni mwaka 2007."

Mdomo wa Dervla ukataka kucheka, akauzuia. "Endelea."

"Colm anasema nilipe malimbikizo, elfu kumi na nne na mia sita, zilizobaki nisiziguse, mama apate nafuu ya kila mwezi. Mimi nataka nimwage zote benki leo. Wewe unasemaje?"

"Sisemi kitu. Mimi si mshauri wako."

"Basi wewe ni nani wangu?"

Dervla akatoa mikono mifukoni.

"Niulize vizuri," akasema.

Lorcan akapiga goti kwenye lami, na suti ya mazishi. "Dervla Tuohy. Sina pete. Fleti imekwenda kwa mwingine. Akiba yangu kesho itakuwa nusu. Nina mikono miwili, na mama mwongo. Nioe. Yaani, nikuoe. Yaani, unanielewa."

"Kazi yangu ni kusikiliza hali za watu kila siku," Dervla akasema, machozi yakimshuka kwenye madoadoa ya pua, "na sijawahi kusikia hali mbaya kama hiyo."

"Jibu, mpenzi. Goti linaumia."

"Ndiyo. Ndiyo, mjinga wewe. Inuka."

Colm akapenga kamasi kwa kelele. Attracta hakulia, alikuwa amemaliza. Alikuwa tayari anafikiri.

"Na mtaishi wapi?" akauliza.

Wale wawili wakaangaliana.

"Kile chumba cha mbele kina jua," Attracta akasema, kama anayezungumza na ukuta. "Nakitumia kuweka viti tu."

"Tutakuja," Dervla akasema, "lakini kwa kodi."

"Kodi! Nichukue kodi kwa mwanangu?"

"Euro mia nne kila mwezi, Bi Attracta. Colm ataiandika kwenye mapato yako, na benki haitakusumbua tena. Bila kodi hatuji."

Attracta Clohessy alisimama pale ngazini akipigana na miaka kumi ya kukataa hata senti ya mtoto wake. Alimtazama Lorcan, kisha Dervla, kisha wale wanawake wa parokia waliokuwa wanajifanya kutafuta mwavuli. Alinyoosha blauzi yake.

"Kila tarehe mosi, basi," akasema. "Na msinicheleweshe."